"Nilichomwa sindano, nikajua yamekwisha": kisa cha mtoto aliyepungukiwa damu tumboni

Kuhusu kisa hiki

Mimi ni daktari wa uzazi katika hospitali ya rufaa upande wa pwani ya Tanzania. Kisa hiki kilipita mikononi mwetu, kliniki ya wajawazito wanaohitaji uangalizi wa karibu. Jina la mama, wilaya yake, umri wake na tarehe zote nimeviondoa. Wiki za mimba na majibu ya vipimo nimeviacha, kwa kuwa humo ndimo somo lilimo. Nitamwita Mama T. Aliridhia kisa kiandikwe kwa sharti moja: habari za mtoto wake wa tatu zisiachwe. "Yule ndiye aliyeanza kusema," alituambia, "ila hakuna aliyemsikiliza."

Historia ya mama

Mama T. ana damu ya kundi O, Rh hasi, yaani chembe zake nyekundu hazina alama iitwayo antijeni D. Mume wake ni O, Rh chanya, yaani yeye anayo. Kwetu Afrika Mashariki wenye Rh hasi ni wachache, chini ya 10 katika kila watu 100, ilhali Ulaya ni kama 15. Uchache huo una hatari yake. Mhudumu anaweza kukaa kliniki wiki nzima bila kukutana na kadi yenye neno "hasi", na siku akikutana nalo macho yanalipita kama yanavyopita namba ya nyumba.

Mama mwenye Rh hasi akibeba mtoto aliyerithi Rh chanya kwa baba, chembe za damu za mtoto zikivujia kwake, mwili wake unaweza kuziona ni za kigeni na kutengeneza kingamwili dhidi ya antijeni D. Mara nyingi mtoto aliyesababisha haya haguswi, kwa kuwa kingamwili huja baada ya yeye kuzaliwa. Anayeumia ni anayefuata. Kingamwili hizo hupita kondo la nyuma, hushika chembe nyekundu za mtoto na kuziharibu. Tumboni mtoto hapati manjano, maana taka ya chembe zilizovunjika, yaani bilirubini, husafishwa na mwili wa mama. Kinachomtesa humo ni upungufu wa damu. Ukizidi, moyo unalemewa, maji yanajaa tumboni, kifuani na chini ya ngozi, na anaweza kufia humo humo. Akitoka salama, sasa ini lake changa ndilo lenye kazi ya kuisafisha taka hiyo, na haliwezi. Ndipo manjano yanapokuja kwa kasi na kutishia ubongo.

Mimba ya kwanza ya Mama T. ilikwenda vizuri. Alijifungulia hospitali ya wilaya, mtoto akapimwa akawa Rh chanya, na mume akapanda basi kwenda mjini kununua sindano ya anti-D, ile inayozuia mwili wa mama usianze kutengeneza kingamwili hizo. Aliirudisha ndani ya chupa ya chai yenye vipande vya barafu, ameifunga kwa kitambaa isigusane na barafu yenyewe. Akachomwa kabla saa 72 hazijapita.

Mimba ya pili iliharibika ikiwa na wiki kama 14. Alisafishwa katika kituo kingine, akalala usiku mmoja, akarudi nyumbani. Sindano haikutajwa. Katika karatasi ya ruhusa tuliyoiona miaka baadaye yaliandikwa malaria, damu ya kutosha, vidonge vya kumeza na tarehe ya kurudi. Kundi la damu halikuandikwa popote.

Mimba ya tatu ilifika mwisho wake. Mtoto wa kike alizaliwa akiwa na uzito mzuri, akalia. Jioni ya siku hiyo hiyo bibi yake alimtazama kwenye mwanga wa mlangoni akasema macho yake ni ya njano. Waliambiwa wamwanike jua la asubuhi. Siku ya pili aliacha kunyonya, siku ya tatu akaanza kukakamaa na kupinda mgongo, akafariki njiani kuelekea hospitali kubwa. Baada ya msiba, muuguzi mmoja mwenye huruma aliona kwenye kadi kwamba mama ni Rh hasi, akamshauri anunue anti-D. Familia ikachangishana, sindano ikapatikana, akachomwa.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa. Mama T. alibaki na imani kwamba amekingwa. Kumbe sindano ile haiwezi kumkinga mtu ambaye mwili wake umekwisha kutengeneza kingamwili zake mwenyewe.

Swali la mkunga

Alipobeba mimba ya nne alianza kliniki kwenye zahanati ya kijijini akiwa na wiki 20. Mkunga aliyempokea ni mama wa makamo, wa siku nyingi kazini. Aliona "O hasi". Angeweza kuandika "anti-D wiki 28" na kumwita anayefuata. Badala yake aliuliza: "Dada yangu, yule mtoto aliyefariki, alianza kuwa wa njano siku ya ngapi?"

"Siku ile ile aliyozaliwa. Jioni."

Mkunga akaweka kalamu chini. Manjano yanayojitokeza ndani ya saa 24 za kwanza huwa ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo, na kwa mtoto wa mama mwenye Rh hasi jambo la kwanza la kufikiri ni kingamwili. Akauliza kama kuna mimba iliyoharibika, akajibiwa ipo. Akauliza kama alichomwa sindano baada ya kusafishwa. "Pale hapana. Baada ya marehemu ndiyo nilichomwa, nikajua yamekwisha." Barua ya rufaa ilikuwa na mistari minne, na yote tuliyohitaji kujua yalikuwemo.

Kumfuatilia mtoto tumboni

Alitufikia akiwa na wiki 22. Kipimo cha Coombs kisicho cha moja kwa moja, kile kinachotafuta kingamwili kwenye damu ya mama, kilitoka chanya, kiwango 1:64 (namba ya kulia ikikua, kingamwili ni nyingi zaidi). Maabara nyingi huchukulia 1:16 au 1:32 kuwa mpaka ambao ukivukwa mtoto afuatiliwe kwa ultrasaundi. Lakini kwa mama ambaye kingamwili zimekwisha kumdhuru mtoto mmoja, namba hiyo haina tena uzito mkubwa, kwani mimba inayofuata kwa kawaida huathirika mapema na vikali zaidi. Hatukumsumbua tena kwa kurudia kiwango kila mwezi.

Swali la pili lilikuwa kama mtoto huyu kweli ni Rh chanya. Baba akiwa amerithi D kwa wazazi wote wawili, kila mtoto wake atakuwa chanya. Akiwa ameirithi kwa mzazi mmoja tu, uwezekano ni nusu kwa nusu. Siku hizi jibu linaweza kupatikana kwenye damu ya mama. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba chembechembe za DNA ya mtoto huelea katika damu ya mama, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba Rh ya mtoto inasomeka humo bila kumgusa. Hospitalini kwetu kipimo hicho hakipo. Mwenzetu mmoja alipendekeza sampuli ipelekwe nje ya nchi kwa gharama ya familia.

Tulikataa, na sababu haikuwa fedha peke yake. Wazungu wenye Rh hasi karibu wote hawana kabisa jeni ya RHD, ile inayotengeneza antijeni D. Kwa Waafrika mambo ni tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya Waafrika wenye Rh hasi waliopimwa wanayo jeni hiyo, ila imeharibika na haifanyi kazi. Kipimo kilichotengenezwa bila kuzingatia hilo kitaikuta jeni mbovu ya mama mwenyewe na kushindwa kutoa jibu la mtoto, au kutoa jibu la kupotosha. Kwa hiyo kabla ya kumtoza mtu fedha ya kupeleka damu ng'ambo, lazima uiulize maabara hiyo kipimo chake kinatenganishaje jeni nzima na jeni mbovu ya Kiafrika. Tuliuliza, hatukupata jibu la kueleweka. Tukaamua kumfuatilia mtoto kana kwamba ni chanya.

Njia tuliyotumia ni dopla, yaani ultrasaundi inayopima kasi ya damu, kwenye ateri ya kati ya ubongo wa mtoto. Damu iliyopungukiwa chembe huwa nyepesi, moyo huisukuma kwa nguvu zaidi, na mwili wa mtoto huupa ubongo kipaumbele. Kwa hiyo kasi ya damu katika mshipa huo hupanda kadiri upungufu unavyozidi. Giancarlo Mari na wenzake walichapisha mwaka 2000 utafiti wa watoto 111 waliokuwa hatarini: kasi iliyofika mara 1.5 ya kasi ya kawaida (ya katikati) kwa umri huo wa mimba iliwanasa wote waliokuwa na upungufu wa wastani au mkali, huku asilimia 12 tu wakishukiwa bure.

Kabla ya hapo tegemeo lilikuwa sindano. William Liley wa Auckland, New Zealand, alionyesha mwaka 1961 jinsi ya kupima taka ya manjano katika maji ya chupa ya uzazi, na mwaka 1963 akawa wa kwanza kumwongezea damu mtoto aliye bado tumboni. Kazi yake iliokoa watoto wengi. Lakini kila sindano inayopita kwenye chupa inaweza kuanzisha uchungu, kuleta maambukizi, au kuvujisha damu ya mtoto na kumwongezea mama kingamwili zile zile unazoziogopa. Dopla haichomi. Kwa hospitali yenye mashine ya kawaida ya ultrasaundi na mtu aliyefundishwa vizuri, sioni sababu ya kuanza na sindano tena.

Kufundishwa vizuri kuna maana. Mtoto awe ametulia, hachezi wala havuti pumzi. Mshipa upimwe karibu na chimbuko lake, boriti ya mashine ilale sambamba nao, na mkono usikandamize kichwa. Tulipima mara tatu kila safari na kuchukua kipimo kikubwa kilicho safi.

Majibu yalikwenda hivi. Wiki 25, sentimita 40 kwa sekunde. Wiki 27, 47. Wiki ya 29 hakuja. Tulikuwa tumemwambia "kila wiki", tukashuka hadi "kila wiki mbili" tulipojua nauli yake inakula posho ya mume, na bado hakumudu. Muuguzi wetu alimpigia kwa simu yake mwenyewe. Akaja wiki 30 kasi ikiwa 54, na safari hii alifuatana na mama mkwe wake, mzee aliyekuwa na shaka na sisi waziwazi.

Mazungumzo na mzee huyo yalifanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Yeye alikuwa ameamini kuna jicho la mtu. Nilimwamkia, nikamwomba aketi upande wa kioo cha mashine, nikamwonyesha mshipa ukipiga kwa rangi nyekundu na buluu. "Shikamoo, mama. Damu ya mkwe wako na damu ya mjukuu wako hazipatani. Hakuna aliyekosa. Mjukuu anaishiwa damu polepole, na huu mchirizi ndio unaotuambia amefika wapi." Alitazama kimya. Akauliza: "Na yule wa njano, ndiyo haya haya?" Nikamjibu ndiyo. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema mkwe wake asirudi kijijini. Atakaa kwa shemeji yake mjini mpaka ajifungue. Tangu siku hiyo hatukukosa kipimo.

Wiki ya 33

Wiki 31 kasi ilikuwa 59, wiki 32 ikawa 64, ambapo mpaka wa mara 1.5 ni takriban 66. Wiki 33 tukapata 72, na mpaka wa umri huo ni karibu 70. Hapakuwa na maji tumboni wala kifuani mwa mtoto, moyo haujatanuka, na anacheza. Mwenzangu alirudia kesho yake bila kuambiwa namba yangu, akapata 71.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kumwongezea mtoto damu humo tumboni kupitia mshipa wa kitovu, jambo ambalo vituo vyenye uzoefu hulifanya mpaka kama wiki 35 ili mtoto akomae zaidi. Hospitalini kwetu hakuna mwenye mkono huo, na kujifunzia kwa mtoto wa Mama T. haikuwa haki. Ya pili ni kumsafirisha nje ya nchi. Familia ingeuza shamba, na kwa mtoto ambaye angeweza kuzaliwa salama ndani ya siku tatu tuliona ni kumtwika mtu mzigo usio na faida iliyo wazi. Kama kasi ingevuka mpaka wiki ya 27, ningejibu tofauti kabisa. Ya tatu ni kumkomaza mapafu na kumtoa.

Tulichagua ya tatu. Mama akapewa deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12, dozi nne. Hatukungoja mtoto aanze kujaa maji, maana anayefika huko huzaliwa akiwa na hali mbaya zaidi.

Damu tulikuwa tumeanza kuitafuta tangu wiki ya 31. Mtoto angehitaji O hasi, mbichi, isiyozidi siku chache, iliyolinganishwa na damu ya mama. Mama naye angehitaji akiba ya O hasi kwa ajili ya operesheni. Ndugu walipimwa, na mdogo wake wa kike akakutwa O hasi. Wote walifurahi, wakidhani mtoto atapewa damu ya mama yake mdogo. Ilibidi tuwaeleze kwamba damu ya ndugu wa karibu ina hatari ya pekee: chembe nyeupe za mtoaji zinaweza kukaa mwilini mwa mpokeaji na kumshambulia, isipokuwa damu hiyo ipigwe mionzi kwanza. Hatukuwa na mashine hiyo. Basi damu ya mdogo mtu iliingia benki kwa wagonjwa wengine, na benki ya damu ikatutafutia watoaji wengine kutoka kwenye orodha yao.

Siku ya kuzaliwa

Mtoto alitolewa kwa upasuaji wiki 33 na siku 4, saa nne asubuhi, damu ikiwa tayari kwenye friji na daktari wa watoto yuko chumbani. Wa kiume, gramu 1,980. Alilia kidogo, akawekewa hewa ya shinikizo puani.

Damu ya kitovu ilisema hivi: hemoglobini gramu 8.4 kwa desilita, bilirubini miligramu 6.1, Coombs ya moja kwa moja, kile kipimo kinachotafuta kingamwili zilizoshika chembe za mtoto mwenyewe, chanya sana. Halafu likaja jibu la kundi: O hasi.

Kwa dakika kadhaa chumba kizima kilinyamaza. Daktari kijana akasema, "Kama ni hasi, basi siyo Rh." Kwa kanuni alikuwa sahihi. Mtaalamu wa maabara ndiye aliyetuokoa. Alipanda ngazi yeye mwenyewe, karatasi mkononi, akatuambia tusiliamini jibu lake. Chembe za mtoto zimefunikwa na kingamwili za mama kiasi kwamba antijeni D imezibwa, kemikali ya kupimia haina pa kushika, kwa hiyo kipimo kinadanganya. Alizing'oa kingamwili zile kutoka kwenye chembe na kuzitambua: anti-D, yaani kingamwili za mama mwenyewe dhidi ya antijeni D. Kundi halisi la mtoto lilikuwa O chanya. Nimeliweka tukio hili kwa urefu kwa sababu ni mtego ambao unamngoja yule mgonjwa zaidi kuliko wote, na kwa sababu mtu wa maabara aliyebaki mezani kwake angekuwa ametimiza kazi yake na mtoto angekufa.

Mililita kumi kumi

Hemoglobini chini ya 10 na bilirubini ya kitovu zaidi ya 5 havikutuachia nafasi ya kungoja taa za bluu za kutibu manjano. Damu ilianza kubadilishwa saa nane mchana. Hesabu ilikuwa mara mbili ya damu yote aliyo nayo mtoto, jumla mililita 340. Mrija uliingia kwenye mshipa wa kitovu. Mililita 10 zinatoka, mililita 10 zinaingia. Muuguzi mmoja alikuwa amesimama na karatasi, anahesabu kwa sauti: "Kumi nje. Kumi ndani. Kumi na saba." Mara 34. Kila baada ya muda sukari ilipimwa, moyo ukaangaliwa kwenye skrini kwa hofu ya kalsiamu kushuka, na damu ikapashwa joto la mwili kabla ya kuingia. Ilichukua saa mbili na robo. Baba alikaa nje mlangoni muda wote huo, anahesabu naye kwa kufuata sauti ya muuguzi.

Bilirubini ilishuka, ikapanda tena kidogo usiku, lakini haikufika kiwango cha kurudia. Taa za bluu siku sita. Siku ya 19 aliruhusiwa, ananyonya, yuko kifuani kwa mama kwa huduma ya kangaruu kama watoto njiti wenzake. Wote tulipiga makofi.

Wiki ya tano

Tulipiga makofi mapema. Barua ya ruhusa ilisema arudi kliniki ya watoto njiti baada ya wiki nne. Haikusema apimwe damu lini.

Wiki ya tano mama alimrudisha kabla ya tarehe. "Ananyonya kidogo halafu analala. Na viganja vyake vimekuwa vyeupe." Hemoglobini ilikuwa 6.2. Kingamwili za mama hubaki mwilini mwa mtoto kwa wiki nyingi, hata miezi mitatu, zikiendelea kuvunja chembe mpya, na uboho uliokwisha kupewa damu ya mtu mwingine huchelewa kuamka. Manjano hayarudi, kwa hiyo hakuna rangi ya kumshtua mtu; mtoto anafifia tu. Aliongezewa mililita 40, akaanzishiwa foliki asidi, na mara hii tukaandika tarehe: hemoglobini kila wiki mpaka ajitegemee. Alijitegemea wiki ya 11. Kipimo cha masikio alipofika miezi minne kilikuwa kizuri, na sasa anatembea na kutukana kuku wa bibi yake.

Kilichofanya kazi

Swali la mkunga lilikuja kwanza na lilizidi kila mashine. Kama asingeuliza siku ya manjano, Mama T. angechomwa anti-D wiki ya 28, kila mtu angeridhika, na mtoto angeendelea kuishiwa damu.

Dopla ilitupa muda wa kuchagua siku. Wiki mbili za kutafuta damu, siku mbili za dozi za kukomaza mapafu, na operesheni ya mchana badala ya usiku wa manane, vyote vilitokana na mchoro wa kasi uliopanda mbele ya macho yetu tangu wiki ya 25. Mama mkwe alipoelewa, nauli na malazi vikaacha kuwa tatizo la mama peke yake.

Kuhusu upasuaji sina uhakika kwamba ulikuwa lazima. Mama alikuwa amejifungua kwa njia ya kawaida mara mbili, na tungeweza kuanzisha uchungu huku tukisikiliza moyo wa mtoto mfululizo. Tuliogopa kuzaliwa saa tisa usiku bila daktari wa watoto. Hofu hiyo inahusu ratiba yetu zaidi ya tumbo lake, na kovu amebaki nalo yeye.

Kilichoharibika

Mlango ulifunguka siku aliyosafishwa. Chembe za mtoto huwa na antijeni D tangu wiki za mwanzo kabisa za mimba, na mimba ya wiki 14 ikiharibika damu ya kutosha inaweza kuvuja. Mama mwenye Rh hasi anahitaji anti-D hapo, na pia baada ya mimba kutunga nje ya kizazi, baada ya kutokwa damu katikati ya mimba, na baada ya kuanguka au kupigwa tumboni. Ikichelewa zaidi ya saa 72 bado ichomwe, mpaka siku ya 10, kwa kuwa inaweza kusaidia. Tatizo ni kwamba wodi ya kusafishia haifanyi kazi kama leba. Leba ina orodha. Kule mama anaingia analia, anatoka ameinama, na hakuna anayemuuliza kundi la damu kwa kuwa hakuna mtoto wa kupimwa.

Mtoto wa tatu alikuwa na dalili iliyotosha kumpeleka hospitali jioni ile ile. Jua la asubuhi halitibu manjano ya siku ya kwanza. Linapoteza saa ambazo taa na kubadilisha damu vingefanya kazi.

Kisha ile sindano ya huruma. Kabla ya kumwambia mama mwenye Rh hasi anunue anti-D, damu yake ipimwe kama kingamwili tayari zipo. Zikiwepo, fedha yake ibaki mfukoni na aambiwe ukweli: mimba ijayo inahitaji kufuatiliwa mapema, mahali penye dopla. Muuguzi yule alitaka kusaidia, lakini sindano ilimpa mama utulivu wa uongo kwa miaka miwili.

Makosa yetu ni mawili na sitayapunguza. Tulimpangia mama ratiba ya wiki kwa wiki bila kumuuliza anaishi wapi, tukampoteza wiki ya 29. Na tulimruhusu mtoto bila tarehe ya kupima damu, jambo ambalo kila kitabu cha watoto wachanga kinalionya. Aliyeligundua ni mama, kwa kutazama viganja.

Hali ilivyo sasa

Mama T. aliuliza kama anaweza kuzaa tena. Tulimjibu kwamba inawezekana, ila dopla itaanza wiki ya 18 na kuna uwezekano wa kuhitaji kuongezewa damu tumboni, huduma ambayo ataifuata mbali. Yeye na mume walikwenda kufikiri, wakarudi, akawekewa kipandikizi cha uzazi wa mpango.

Katika wodi yetu ya kusafishia, karatasi ya ruhusa sasa ina kisanduku cha kundi la damu juu kabisa, na haitolewi kikiwa wazi.

Mdogo wake, yule aliyetoa damu, hakuwa ameolewa wakati ule. Sasa ana mimba ya wiki 16. Alikuja kliniki na kadi yake mkononi, amezungushia neno "hasi" duara la kalamu nyekundu. Kingamwili hana. Tarehe ya sindano ya wiki 28 imekwisha kuandikwa, na mume wake ameuliza ile chupa ya chai ya shemeji yake bado ipo.